Kopo la Maua Unyambwa

Antipasi, fundi wa mtaani kwetu, alikuwa ameshakaa kwenye gogo uani kwangu, miguu ameinyoosha, kofia ameiweka gotini, kama mtu aliyefika kwake. Mwenzake alitafuta kivuli. Walinisalimia kwa adabu, shikamoo bibi, nikaitikia marahaba, nikasubiri waseme shida yao. Walitazama jikoni, wakanusa, wakaangaliana.

"Bibi," Antipasi akasema mwishowe, "imeiva, au bado?"

Nilikuwa nimeshika ndoo ya maua, zinia nilizozikata alfajiri, nyekundu, za chungwa, na zile za rangi ya waridi iliyokolea mpaka inaumiza macho. Nikamuuliza kitu gani kimeiva. Akanyoosha kidole kuelekea langoni.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Bustani yangu ya maua ilikuwa ubishi kati yangu na mwanangu Chediel. Yeye alitaka kipande chote cha kisimani kiwe vitunguu. Na kisima chetu si cha kuchezea; kiangazi kikikolea, maji yanateremka mpaka kamba inaungwa. Aliniambia kwa upole, maana si mtoto mkorofi, kwamba maua hayaliwi, na watu wa mjini wananunua ya plastiki, wanayafuta vumbi basi. Mimi nimepamba madhabahu ya kanisa letu tangu usichana wangu, najua ua hai linavyombadilisha mtu uso. Tukakubaliana msimu mmoja. Wakija wanunuzi, maji tutagawana. Wasipokuja, nitang'oa kwa mkono wangu.

Zinia zikachanua kama zimeambiwa. Nikaenda Singida Mjini, nikapita kwa wauza mboga na kwa mafundi wa magauni ya harusi, kila mahali nikaacha ua moja, namba yangu ya simu na neno moja: Unyambwa, nyumba yenye kopo la maua langoni. Wiki mbili kimya. Vichwa vya mwanzo vikaanza kunyauka, na Chediel akawa anapita na jembe begani. Kisha Ijumaa jioni simu ikalia. Shangazi wa bi harusi. Maua waliyoagiza Arusha yalifika yamelala, na ndoa ni kesho mchana. Watakuja asubuhi. Hapo simu ikazima, chaji imeisha.

Kopo lenyewe, la maziwa ya unga, lilikuwa limekaa chini langoni; jioni ile nikasimika mti mrefu, nikalifunga juu yake, nikalijaza zinia mpya. Lilionekana toka barabarani.

Lakini mimi mtu wa Singida nilisahau upepo. Ulivuma usiku ukachukua maua yote ya kopo, ukaacha kopo tupu juu ya mti. Na kopo tupu juu ya mti, mtaani kwetu hata mtoto anajua: humo ndani kuna pombe ya mtama, karibu.

"Hapa hapauzwi pombe, baba," nikamwambia Antipasi. "Hapa ni maua."

Mwenzake alicheka mpaka akashika uzio. Antipasi hakucheka. Alikuna kichwa, akasema basi kumbe kuna jambo. Njiani bajaji ilisimama mbele yao, ndani wamama wa kanisa na binti aliyesukwa akapendeza, wakaulizia nyumba yenye kopo. Naye akawaonyesha vizuri kabisa. Yule mama mtu mzima kuliko wote alipoliona kopo lenyewe alimwambia amwogope Mungu, anampeleka bi harusi kilabuni. Wakageuza. Sasa walikuwa wanaulizauliza kule kwenye mashine ya kusaga, na wasipopata wangerudi mjini.

Sikumwacha amalize. Nikampa ndoo.

"Kimbia nayo."

"Bibi, watu wananijua mimi."

"Ndiyo maana watakuangalia."

Laiti mngemwona. Fundi uashi mzima, saruji kwenye kucha, anakata mchanga mbio, maua yamemfika masikioni, mwenzake nyuma anayatangaza kama anauza samaki. Jirani yangu Kristina akachungulia uzioni akauliza Antipasi anaoa mke wa pili au vipi. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya kinu, na umri wangu huu, nimejishikiza kwenye nguzo ya jiko, natazama vumbi. Kisimani Chediel naye alikuwa amesimama, kamba mkononi, havuti.

Bajaji ikatokea. Antipasi amekaa mbele na dereva, ndoo amepakata, amenyooka kama bwana harusi mwenyewe.

Binti alishuka akasahau hata kusalimia. Alisimama mbele ya matuta, mikono kifuani, ndipo akakumbuka, akapiga goti, shikamoo bibi. Shangazi alitazama kopo, akanitazama mimi, akatazama kopo tena.

"Upepo," nikamwambia.

Tulikata pamoja, shangazi na kitenge chake kizuri, mimi nikimwonyesha namna ya kukata mshazari ili shina linywe maji, na majani ya chini kuyapukutisha. Bajaji ilipoondoka ilikuwa imejaa maua mpaka bi harusi alibaki kichwa tu. Antipasi alikuwa bado anazubaa langoni. Aliomba moja ampelekee mkewe, angalau leo aamini alikokuwa. Nikampa tatu.

Jioni nilikaa mlangoni nachambua mchicha, najifanya siangalii. Chediel alivuta maji taratibu, akajaza ndoo ya kwanza, akavuka nayo vitunguu, akaimwagia zinia.