Hodi ya Tumboni mwa Mzee Bwanausi

Rozmin wa duka la vitambaa anashikilia kwamba yeye ndiye wa kwanza kuisikia. Anasema alikwenda kununua halua kwa jirani yake, Mzee Bwanausi, na mzee alipoinama kuikoroga, sauti ikatoka tumboni mwake: "Hodi." Rozmin akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

Mosi, binti wa mzee, hakubishana naye. Aliisikia tangu alfajiri, baba alipolalamikia mgongo, ila alidhani ni njaa.

Akamtoa Bagamoyo, akampeleka hospitali Dar es Salaam. Huko daktari alimpiga mzee picha, kisha akamtegea sikio tumboni.

"Mshipa mkuu utokao moyoni umevimba kama limau, na umeanza kuvuja," alisema. "Anayepiga hodi ni Ziraili, mtoa roho. Asikaribishwe."

Dawa yake, akaeleza, si kupasua tumbo. Waya hupitishwa kinenani, ukapeleka bomba la kitambaa likakaa ndani ya mshipa kama bitana ndani ya koti. Na lilitakiwa siku hiyo hiyo.

"Basi mtie, daktari," alisema Mosi.

"La saizi yake hatuna. Limeagizwa. Tutawapigia."

Kitanda nacho kilikuwa na wagonjwa wengine wa kukingojea. Wakarudi Bagamoyo.

Shida ikawa mzee mwenyewe. Tangu azaliwe hajaacha hodi bila jibu. Hata mwizi wa kuku wake alimkaribisha kahawa. Na yule mgeni alikuwa mjanja: alipiga mbili, akanyamaza, akaanza upya. Angepiga ya tatu asiitikiwe, ada ingemlazimu aende zake.

"Mwanangu, mgeni anaungua jua."

"Yumo tumboni, baba. Hamna jua."

"Ndiyo vibaya zaidi. Yumo gizani."

Rozmin, aliyeleta uji, akaangua kicheko. "Mzee, wewe adabu itakuua!"

Kila mzee alipofumbua kinywa aseme karibu, Mosi alimtilia kipande cha halua. Sinia likawa linaonyesha chini.

Simu ya hospitali haikuja, Mosi akapiga yeye. Ikapokelewa. Alisikia feni, na mtu akiburuta kiti.

"Hodi," alisema.

Feni iliendelea kuvuma.

"Hodi."

Tumboni mwa baba namo mgeni akapiga.

"Hodi jamani!"

Hapo, kwa ada ya pwani, mtu huondoka. Mosi akamtilia baba kipande cha mwisho, akaibana simu sikioni.

"Hodi. Bomba la baba limefika?"