Dada wa Bosi

Dada wa kazi alipoondoka bila kuaga, Mama Pacha hakushangaa. Nyumba yake ilikuwa kama stendi. Akishuka huyu, anapanda yule. Mmoja alichoshwa na pacha, mwingine alichoshwa na mama yao, na huyu wa mwisho aliacha ufunguo juu ya friji na ndoo ya nepi zilizolowekwa. Kilichomtia hofu ni kazi. Alikuwa mchora ramani katika ofisi ya wasanifu majengo, na bosi wake, mwanamke asiye na mzaha na saa, alikuwa ameshamwonya: akichelewa tena, meza ile atapewa mwingine.

Bosi naye alikuwa na watoto wadogo, tena watatu, na hakuna aliyewahi kumwona akichelewa. Siri yake ofisi nzima iliijua. Akianza tu kusema "dada wangu", wanawake wote wanaacha walichoshika wasikilize. Dada anapika, dada anabembeleza, dada akisema neno watoto wanatii. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hapa hata fundi wake alijulikana.

Mama Pacha alikuwa ameshajaribu kumrudisha mama yake mzazi, akashindwa. Pacha walipozaliwa, mama alikuja kwa wiki chache tu, akaishia kukaa mpaka watoto wakaanza kukimbia. Kisha akasema miguu inamsumbua, akahamia kwa mdogo wake, upande wa pili wa mji. Tangu hapo ilikuwa simu tu, nazo fupi. Mama akipiga mchana, binti anajibu, "Niko kazini, mama, nitakupigia." Kwenda kumtazama na miguu yake hiyo, nafasi haikupatikana.

Basi bosi alipowaalika wafanyakazi chakula cha mchana nyumbani kwake, Mama Pacha alikata shauri. Angemwiba dada. Neno ndilo hilo, tusilipake rangi. Aliwaacha pacha kwa jirani, akapendeza, akaingia sebule ambamo watoto watatu wa bosi walimwamkia kwa adabu, mmoja mmoja, wamechanwa nywele. Wivu ukamkaba. Alingoja wenzake wanogewe na maongezi, akabeba glasi tupu kama mgeni mwenye kujua kusaidia, akapenya jikoni.

Mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani alikuwa ameinama mbele ya oveni, mgongo mlangoni. Mama Pacha akarudishia mlango. Hakuamkia. Nani anamwamkia dada wa kazi?

"Dada, usiseme kwa sauti," alinong'ona. "Chochote anachokupa, mimi nitakuongezea. Kwangu ni watoto wawili tu, na kazi si nyingi."

 Mwanamke akacheka kidogo puani, na kicheko kile kilimtoa Mama Pacha jasho, maana alikuwa amekisikia tangu utotoni.

"Kazi si nyingi," mwanamke alirudia, akageuka. "Hebu nitazame usoni uniambie tena."

Alikuwa mama yake.

Mama Pacha alimtazama juu mpaka chini. Aliona aproni safi, aliona miguu ile migonjwa imesimama imara ndani ya ndara. Siku zote kichwani alikuwa amejichorea msichana. Neno dada halitaji umri, naye hakuuliza. Aliona aibu, halafu hasira, halafu aibu tena, kubwa kuliko ile ya kwanza. Alichoweza kusema ni kwamba mama alimwambia miguu inauma.

"Inauma," mama alisema. "Mdogo wangu ndiye aliyenitafutia kazi hii. Hapa ikiuma nasema, nakaa. Kwako nilikuwa mama, na mama hana siku ya kupumzika. Ulikuwa ukirudi unauliza watoto wamekula nini. Mimi hukuniuliza."

Mama Pacha alitaka kubisha. Akatafuta jioni moja tu aliyomuuliza, hakuipata.

Mlango ukafunguka, bosi akaingia na sinia, uso umechangamka, akamwambia Mama Pacha, "Kumbe umeshakutana na mama yetu." Ofisini alisema dada kama wanavyosema wote. Nyumbani alimwita mama. Lile "yetu" lilimchoma Mama Pacha kuliko yote. Bosi akauliza kama wanafahamiana.

Mama alimtazama binti yake, akamngoja ajibu yeye. Mama Pacha akafungua mdomo. Akaifikiria meza yake, akaufikiria wizi wake, na ulimi ukagoma.

"Niliwahi kumfanyia kazi," mama akasema mwishowe.

Bosi akamtazama Mama Pacha kwa mshangao. "Wewe? Ulimwachaje mtu kama huyu aondoke?" Akamgeukia mama. "Ulikaa kwake muda mrefu?"

"Tangu siku niliyomzaa."

Bosi aliweka sinia chini polepole. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaiona ile pua moja katika nyuso mbili, na tabasamu lake likafifia.  Ndipo salamu iliyopaswa kutolewa mlangoni ikamtoka Mama Pacha, imechelewa kama mwenyewe anavyochelewa kila mahali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alichukua kitambaa cha kushikia vyombo vya moto, akainama tena kwenye oveni. "Sasa nipishe, mwanangu. Niko kazini. Nitakupigia."