Matundu ya Vifungo vya Dada

Msinihubirie habari za wanawake kupendana. Sisi tulipendana, na tazameni tulikomfikisha dada yangu.

Tulikuwa tukishona mashati, wanawake tu katika chumba kimoja, na msimamizi mwanamume mwenye domo. Dada alikuwa fundi wa matundu ya vifungo, kwa mkono. Macho yalipoanza kufifia alitaka kwenda kumwambia msimamizi. Fundi akiishiwa macho hupelekwa kukunja mashati. Ujira kiduchu, lakini ujira. Nikamkatalia katakata. Mumewe alishajiendea zake na watoto wanne walikuwa wanamtazama yeye. Nikawaeleza wenzangu, wakasema tutamshonea sisi.

Basi kila aliyemaliza yake alichomoa shati la dada chini ya meza. Dada akawa anapitisha sindano hewani, anajifanya yumo. Bonge, shoga yetu mkubwa, alimwambia anashona kama malaika, hata mikono haihitaji. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Ila kila mmoja alimpa dada tundu lake zuri kuliko yote. Nani angemshonea ndugu yake hovyohovyo? Mashati yake yakawa ya kupigiwa mfano, hadi siku moja msimamizi akamleta mteja mkubwa moja kwa moja kwenye kiti cha dada. Akamwomba ashone tundu moja, mgeni ajionee.

Dada akautafuta uzi. Akautafuta tena. Mkono wangu ukaenda wenyewe kumsaidia, msimamizi akaudaka. Mashine zote zikanyamaza. Dada alishona hivyo hivyo, damu ya kidole ikaingia kwenye kitambaa cheupe, na tundu likawa kama donda.

Msimamizi hakupaza sauti. Alisema asiyeona angemwonea huruma, mwongo hapana, achukue mkoba wake aende. Bonge akainuka kusema kwamba ni sisi. Akaambiwa basi afuatane na dada. Bonge akakaa. Sote tulikaa, maana kila mmoja ana watoto. Roho iliniuma, nikakaa.

Jioni nilimkuta dada kitandani, viatu bado viko miguuni. Nililia, nikaapa kwamba tutamchangia, kwamba hatutamtupa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Kukunja ningeweza, mdogo wangu," akasema. "Hata nikiwa kipofu kabisa, kukunja ningeweza."

Kesho yake nilikwenda kazini, na msimamizi akanipa mimi kiti cha dada.