Msafara wa Nani

Levina alikuwa juu ya ngazi nyuma ya zahanati ya Goweko, akikaza nati ya jenereta ya upepo, wapagazi walipofika. Walikuja kwa njia ya zamani ya misafara ya Ujiji, watu waliokufa siku nyingi, pembe za ndovu mabegani. Upepo haukuwapo. Aliwaamkia kwa Kinyamwezi, wakaitikia, wakatua mizigo, wakayashika mabawa ya mtambo na kuyazungusha huku wakiimba.

Utafiti wake chuoni ulihusu jenereta ya upepo hafifu. Alikuwa amesuka upya nyaya za shaba na kuzipanga sumaku ili mtambo usigome kuanza. Vipimo vilipoonyesha umeme mwingi kuliko upepo, aliandika sababu: wapagazi. Msimamizi wake, Dokta Mathias, alisahihisha nukta moja tu.

Taa ilipowaka katika chumba cha kujifungulia, mkunga Kabula aliuliza wageni wamekula nini. Mpagazi hatembei bila posho, hilo kila Mnyamwezi analijua. Akawasongea ugali kwa mlenda. Wakala, wakakubali kazi.

Kisha kampuni ya tumbaku iliyofadhili utafiti ikautaka umeme ghalani kwake. Dokta Mathias akaridhia. Mafundi walihamisha waya mchana, mama mmoja akiwa katika uchungu.

Wapagazi wakaketi juu ya mizigo yao. Upepo wa Agosti uling'oa mabati ya ghala, lakini mabawa hayakutikisika.

"Waambie wasukume, binti," alisema Dokta Mathias. "Shahada yako imo humo."

Levina alitazama viatu vyake. "Nimewauliza, Dokta. Wanasema walikula posho ya zahanati."

"Wafu hawana mkataba."

Mpagazi mmoja mwenye sugu begani akasema neno. Dokta aliuliza amesemaje.

"Anauliza wewe ni wa msafara wa nani."

Dokta akapanda gari lake.

Levina hakupewa shahada. Taa za ghala zinawaka kwa dizeli, na zahanati bado imo gizani. Juzi kampuni ilituma lori kuung'oa mtambo. Dereva alimkuta Levina ameketi mbele ya nguzo, akamwomba dada apishe kidogo.

Levina, ambaye darasani hakuwahi kunyoosha mkono, alisema, "Sipishi."

Dereva alizima injini. Wapagazi wakasogea, wakampa pembe moja aikalie, maana ardhi ilikuwa ya moto.