Bampa la Gari la Kijiji

Kufika saa moja asubuhi Nyanda alikuwa amelala chali chini ya Landrova ya kijiji cha Lusenga, uani kwake, na kutu ilikuwa imeshamwingia machoni mara tatu. Nati ya kwanza ilikubali. Ya pili ilikataa kabisa. Ya tatu ilisogea kidogo ikamtia moyo, halafu ikagoma kama ng'ombe aliyechoka kulima. Spana ilikuwa moja tu, namba kumi na tisa, imeliwa mdomo, na kila alipoisukuma iliteleza ikamchubua vidole. Alitukana kimyakimya, maana ilikuwa asubuhi mno kutukana kwa sauti.

Alimwomba mkewe mafuta ya taa ya kulainisha kutu. Secilia alisimama mlangoni akamtazama kama mtu anayeombwa figo. Mafuta ya taa yalikuwa hayajaonekana katika duka la ushirika tangu mwezi uliopita, na yaliyobaki yalikuwa ndani ya kibatari, vidole viwili tu. Hata hivyo aliyaleta. Aliyamimina mwenyewe juu ya nati, tone kwa tone, huku akinung'unika kwamba leo watakula ugali gizani kwa sababu ya chuma cha watu wote ambacho kimekuja kuchokonolewa nyumbani kwake.

Ni kweli lilikuwa gari la watu wote. Lusenga walilinunua kwa pamba ya misimu mitatu, kila kaya ikikatwa fungu lake, na Nyanda akachaguliwa kuliendesha kwa kuwa aliwahi kuwa utingo wa lori huko Shinyanga kabla ya kuhamia Biharamulo. Gari hilo lilibeba pamba, lilibeba mbegu, lakini zaidi lilibeba wagonjwa kwenda hospitali. Vita ilipoanza, Novemba mwaka jana, lilikuja kuchukuliwa na jeshi kwa karatasi yenye muhuri. Waliambiwa ni kwa siku chache, na hakuna aliyenung'unika, maana nchi ilikuwa imevamiwa. Lilikaa miezi minane. Katika miezi hiyo Domisiana, mke wa mwenyekiti Luhende, alishikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa mvua, wakambeba kwa machela vijana sita wakipokezana. Alikufa kabla hawajafika Nyakahura. Mtoto naye.

Sasa vita imekwisha, mkoa umepewa jina jipya, redio kila siku inahimiza watu wafunge mikanda miezi kumi na minane, na gari limerudi. Halikuwa na gurudumu la akiba wala viti vya nyuma, na bampa la mbele lilikuwa limekunjwa upande wa kulia hadi likawa linakwaruza tairi kila kona. Haya, hayo yangevumilika. Lakini Jumatatu mkaguzi wa magari mjini, Ndugu Pancras, alilizunguka mara moja tu akatikisa kichwa. Gari lisilo na bampa zima haliruhusiwi barabarani, alisema. Mwisho ni Ijumaa saa tisa alasiri. Lisipopita siku hiyo, litachukuliwa likahifadhiwe mjini. Kila mtu Lusenga alijua maana ya kuhifadhiwa. Trekta lao lilihifadhiwa mwaka wa sabini na sita, na tangu hapo lilionekana likilima mashamba ya watu wasiojulikana kijijini.

Bampa jipya lilitaka kibali kutoka Bukoba, na ukishapata kibali unakwenda Mwanza kuambiwa hakuna. Leo ilikuwa Ijumaa. Ndiyo maana Nyanda alikuwa chini ya gari.

Mafuta yalisaidia. Nati ya pili ililegea, ya tatu ikafuata, lakini ya nne ilikatika na bolti yake. Nyanda alitoka chini ya gari akaishika ile nusu iliyobaki mkononi. Bolti ya ukubwa ule ungeitafuta wilaya nzima usiipate. Alisimama hapo uani akageuka huku na huku, hata macho yake yakatua kwenye plau iliyoegemezwa ukutani.

Secilia alimwona anakoangalia. "Mvua ikinyesha kesho, Baba Ng'washi, tutalima na nini?"

"Kwa mkono."

"Kwa jembe lipi?"

Majembe yalikuwa yameahidiwa tangu Agosti. Aliichukua spana akafungua bolti ya plau, na Secilia akaingia ndani asione.

Bampa lilipotoka alilibeba begani hadi kwa mzee Malongo, mhunzi, ukingoni mwa kijiji. Malongo alikuwa Mzinza wa ukoo wa wafua chuma. Babu zake waliyeyusha mawe ya kilimani wakatengeneza majembe ya nchi nzima kabla ya maduka. Wakati wa operesheni ya vijiji alihamishwa kutoka kwenye kilima chake, akaletwa Lusenga, akapewa kiwanja kwenye mstari kama watu wengine. Tanuri akalijenga mwenyewe, la udongo, na mivukuto ya ngozi ya mbuzi.

Nyanda alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akalipapasa bampa kwa kidole gumba pale lilipokunjika. Alisema ni chuma kizuri, kitanyooka. Lakini hakuliweka motoni. Kwa Malongo, chuma cha mtu hakiingii motoni mpaka mwenyewe akishike kwa mikono miwili aseme kimefanya kazi gani. Jembe husemewa limelima, shoka husemewa limekata. Chuma kilichoua hakifuliwi mpaka mwenye chuma aende kwanza kwa ndugu wa marehemu, na ukikifua kabla ya hapo, moto wa ukoo unaharibika. Watu wa Lusenga walilijua sharti hilo na walilifuata, Wasukuma na Wasubi, Wakristo kwa wasio Wakristo, maana majembe ya Malongo hayakuwahi kupasuka.

"Shika useme," mzee alimwambia.

Nyanda alishika. Na alijua. Dereva aliyelirudisha gari alimweleza bila kuulizwa, huku akivuta sigara, kwamba ng'ambo ya Mto Kagera, usiku, taa zimezimwa kwa amri, walimgonga mtu wa baiskeli. Raia tu, na mzigo wake wa ndizi. Hawakusimama. Huyo mtu ndugu zake ni akina nani, wako wapi, nani wa kumwuliza? Hata ukiwajua, ni safari ya siku tatu, na jua lilikuwa limeshapanda juu ya miti. Alimfikiria Domisiana kwenye machela. Alifikiri kwamba maiti mmoja hana haki ya kudai wengine wafe kwa kukosa gari.

"Liligonga mti," alisema.

"Mti gani?"

"Mgunga."

Malongo alipapasa tena pale palipokunjika. Kisha akaliingiza bampa kwenye makaa.

Nyanda alivuta mivukuto mpaka mabega yakawaka, na mzee aligonga upande huu, akageuza, akagonga upande ule, akilitazama kwa jicho moja kama anayelenga shabaha. Saa tano na nusu bampa lilikuwa limenyooka vizuri kuliko alivyotarajia. Mzee alikataa malipo. Alisema gari lile lilimbeba mjukuu wake alipougua uti wa mgongo, na mjukuu sasa anachunga.

Kulirudisha kulikuwa rahisi kuliko kulitoa. Secilia alitoka ndani bila kuitwa, akalishikilia bampa kwa goti huku Nyanda akilinganisha matundu, akipachika bolti tatu za zamani na ile ya plau, na kukaza nati hadi gari zima likatikisika. Kibao cha namba, ambacho kikazio chake kilikuwa kimeliwa na kutu, alikifunga kwenye bampa kwa waya. Alinawa mikono kwa majivu, maana sabuni nayo ilikuwa hadithi, akawasha gari. Watu walitoka kwenye milango mstari mzima wakampungia. Luhende, mwenyekiti, alikimbia kando ya dirisha hatua chache akimwambia asimjibu vibaya mkaguzi, aseme ndiyo kwa kila kitu.

Alifika mjini saa nane na nusu. Ndugu Pancras alilipiga bampa teke mara mbili, akalitikisa, akachuchumaa akapitisha mkono kati yake na tairi. Akacheka kwa kuridhika kabisa. Aliuliza nani alilinyoosha, na Nyanda akasema ni mhunzi wa kijijini. Pancras alifungua daftari lake akaandika neno moja, LINAFAA, akagonga muhuri.

Kisha Pancras akanyoosha kiganja. "Funguo."

Nyanda alidhani anataka kulijaribu. Akampa.

Pancras alieleza kwa upole, kama mwalimu mwenye mwanafunzi mzito. Magari mazima wilayani ni machache. Gari la kijiji ni mali ya umma, na wilaya nayo ni umma, kwa hiyo gari halijaenda popote. Litatumika kwa kazi za maendeleo kwa muda. Lingekuwa bovu wangemwachia, walifanyie nini?

"Kwa muda gani, Ndugu Mkaguzi?"

"Kwa muda," alisema Pancras, akaingia ofisini kuandika karatasi.

Nyanda alibaki uwanjani. Aliyakumbuka maneno ya Luhende, aseme ndiyo, na aliona kwamba hakuna tena kitu cha kukisemea ndiyo. Alichukua spana yake iliyokuwa chini ya kiti, akalala chali mchangani, akaanza na nati ya kulia. Mlinzi alimtazama akidhani anakaza. Watu waliosubiri ukaguzi walikusanyika. Bampa lilikuwa limeshashuka chini Pancras alipotoka na karatasi yake.

"Unafanya nini wewe?"

"Ulisema gari lisilo na bampa haliruhusiwi barabarani."

"Ndiyo, nilisema."

"Basi lisiende."

Mtu mmoja kwenye kundi alicheka, akanyamaza. Pancras alimtazama Nyanda, akalitazama bampa, halafu akafanya jambo ambalo Nyanda hakulitegemea: akapunga mkono, achukue tu, akalile.

Alilitwika begani, kibao cha namba kikining'inia kwa waya wake, akashika barabara ya kurudi. Ilikuwa njia ya saa tano kwa miguu. Chuma kilimkata bega na hasira ikamsukuma mwendo wa maili nzima bila kuchoka. Baadaye hasira ilipungua ikabaki aibu. Angeingia Lusenga na kipande cha gari. Na angepaswa kwenda kwa Malongo kwanza, kabla ya Luhende, amwambie kwamba moto wake umeharibiwa, na kwamba ameuharibu bure. Hilo lilimuuma kuliko bega.

Alisikia honi nyuma yake kabla ya kufika kizuizi cha barabarani. Alisogea majanini. Landrova ilimpita kwa kasi, pua wazi, ncha mbili za chesisi zikichomoza mbele, haina bampa, haina namba. Pancras alikuwa mbele kando ya dereva. Nyuma kulikuwa na magodoro mawili na mbuzi. Mgambo wa kizuizi alikimbia akanyanyua mti, akasimama wima, akapiga saluti hadi vumbi likamfunika.

Nyanda alipofika pale mti ulikuwa umeshashushwa.

"Weka chini," mgambo alimwambia. Alikuwa mtu wa makamo, sare yake imefifia, na macho yalikuwa yamemtoka kwa kuona chuma kile. "Hiki ni kipuri cha gari. Umekitoa wapi? Una kibali?"

Nyanda aliliweka bampa chini katikati ya barabara, akalikalia. Alikinyanyua kibao cha namba, akakifuta vumbi kwa kiganja, akamgeuzia.

"Lile gari ulilolipigia saluti," alisema, "namba yake ni hii. Liite lirudi, uliulize lina kibali gani."

Mgambo aliinama akaisoma namba, midomo ikimchezacheza. Akaangalia barabarani vumbi lilikoelekea. Kisha akavuta daftari lake, akatafuta ukurasa mweupe, akaandika KIPURI BILA KIBALI, akamwomba Nyanda jina lake kamili na jina la kijiji.