Kikombe Juu ya Kichwa cha Babu

Katika kiwanda cha familia yetu, ubora wa mtindi ulipimwa kwa kichwa cha Babu. Kila asubuhi, kabla ya mzigo kupakiwa, Shangazi alimletea kikombe chake cha bati kikiwa kimejaa. Babu alivua kofia, akaiweka gotini, akakipindua kikombe juu ya upara wake, akakishikilia hapo hewani, kisha akaanza kutujulia hali, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Mtindi uliobaki kikombeni mpaka salamu zikaisha ulifaa kuuzwa. Ulioanguka haukufaa, lakini kwa kuwa haukuwahi kuanguka, sehemu hiyo ya kanuni hakuna aliyeijua vizuri.

Baada ya hapo aliomba kijiko, akala alichokipima mpaka chini. Hiyo ndiyo kazi iliyombakia tangu alipomwachia Shangazi, binti yake, kiwanda chenyewe, ambacho kilikuwa vyumba viwili nyuma ya nyumba: kimoja cha kuchemshia maziwa, kingine cha majokofu.

Niliporudi likizo kutoka chuoni, ninakosomea lishe, nilikuta mkanda wa Babu umeongezwa matundu kwa msumari. Daktari alikuwa amesema utumbo wake mpana umevimba, akampa vidonge, akamwagiza aangalie anachokula. Babu alikiangalia kila alichokula, kwa makini, kisha akakila.

“Shikamoo, Babu. Tumbo linasemaje leo?”

“Marahaba, mke wangu. Linasema kuliko mimi. Mimi nikimaliza, lenyewe ndiyo kwanza linaanza.”

Alicheka, lakini alishika ukuta alipokuwa akiinuka, na hilo sikuwahi kuliona.

Nikaanza na chumba cha maziwa. Kwenye rafu kulikuwa na mfuko wa unga mweupe ambao wafanyakazi waliuita saruji. Unga huo hutokana na mwani. Ukitiwa kwenye maziwa, mtindi hukaza na hauachi maji juu. Umeruhusiwa, na watu wengi huula bila kujua, ndani ya aiskrimu na maziwa ya pakiti. Hata hivyo, wapo watafiti wanaoshuku kwamba unaweza kuuchokoza utumbo, hasa ule ambao tayari una uvimbe, na wapo wanaosema ushahidi bado ni mchache na sehemu yake kubwa imetoka kwa panya. Nilimweleza Shangazi pande zote mbili, kwa kuwa sioni haki ya kumtisha mtu kwa nusu ya habari.

“Panya,” akasema Shangazi.

“Na watu wachache wenye ugonjwa kama wa Babu.”

“Na hao panya mtindi wanapewa na nani? Wa kwetu hapa wanakula sabuni.”

“Shangazi, mimi nasema kweli.”

“Na mimi nakusikia, mwanangu. Ila tangi zima linatiwa kijiko kimoja. Kijiko kimoja ndicho cha kumkondesha baba yangu?”

Nikaufunga mfuko, nikaurudisha rafuni. Lakini kesho yake Babu alipomaliza kupima, alichomeka kijiko kikombeni, akakiachia, akaanza kuitafuta miwani yake. Kijiko kilibaki kimesimama wima. Babu alitafuta gotini, mfukoni na chini ya stuli, mwishowe akaikuta usoni. Kijiko hakikuwa kimeinama hata kidogo. Nikachukua kikombe cha kuuzwa, cha tangi lile lile, nikachomeka kijiko changu. Kililala papo hapo.

Mchana, Babu akiwa amelala, niliwaita wote kwenye chumba cha majokofu. Hawakuwa wengi: Shangazi, dereva wa mzigo, na mkorogaji, mama mmoja mnene ambaye tangu nikiwa mdogo tunamwita Mama Mwiko.

“Kikombe cha Babu kinatiwa nini?” nikauliza.

Majokofu yalinguruma. Shangazi akavua aproni, akaikunja, akaivaa tena.

“Mkono wa baba umeanza kutetemeka,” akasema. “Na salamu zake zimekuwa ndefu, siku hizi anauliza mpaka hali ya watu waliokwisha hama. Siku mtindi ukimmwagikia mbele za watu, ataingia chumbani na hatatoka tena. Mimi namfahamu. Kwa hiyo jioni, maziwa yakiwa bado ya moto, nikishajaza kikombe chake, naongeza kijiko kimoja. Kwenye kikombe chake tu.”

Mama Mwiko aligeuka polepole.

“Kumbe na wewe, dada?”

“Na mimi vipi?”

“Mimi ninaongeza kimoja ukishatoka. Nilijua wewe huna habari.”

Tukamtazama dereva, ambaye alikuwa akisoma kwa makini maandishi ya jokofu.

“Mimi huwa napita baadaye,” akasema. “Naweka nusu tu.”

“Nusu kijiko?”

“Nusu kiganja.”

Wote tukakitazama kiganja chake. Alikuwa mtu wa kubeba kreti mbili kwa mkono mmoja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kadiri Babu alivyodhoofika ndivyo mkono ulivyotetemeka, na kadiri mkono ulivyotetemeka ndivyo kila aliyempenda alivyomwongezea saruji, kwa siri, akiamini ni peke yake mwenye huruma.

“Basi tunaacha, kimyakimya,” akasema Shangazi.

“Mkiacha kimyakimya, mtindi utamwangukia bila yeye kujua kwa nini. Lazima aambiwe.”

“Umwambie wewe. Wewe ndiye mwenye cheti.”

“Cheti bado sijapata.”

“Mdomo unao.”

Nilimwambia jioni hiyo, nikiwa nimekaa sakafuni karibu na kiti chake. Nilimwambia pia nisilolijua: kwamba huenda unga hauhusiki kabisa. Babu alipitisha kidole kwenye matundu ya mkanda.

“Kwa hiyo nilikuwa napima kitu kilichokwisha faulu.”

“Walikuwa wanakulinda, Babu.”

“Wamenijenga, mke wangu. Walichobakiza ni kunipaka rangi.” Kisha akamwita Shangazi kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. “Kikombe changu cha kesho kisitiwe kitu. Na tangi lisitiwe kitu.”

“Baba, maduka yataukataa.”

“Wenye maduka wana vichwa vyao. Hiki ni changu.”

Asubuhi tulijipanga kama kawaida. Babu akavua kofia, akaiweka gotini, akapindua kikombe. “Umeamkaje, binti yangu?” Shangazi akajibu kwamba ameamka salama. “Na wewe, Mama Mwiko, miguu inaendeleaje?” Mama Mwiko hakuwahi kusema hali ya miguu yake, kwa sababu hapo ndipo mtindi ulipoanguka, wote, ukashuka nyuma ya masikio na kuingia kolani. Hakuna aliyesogea. Shangazi aliziba mdomo kwa aproni. Babu alikaa wima, kikombe kitupu kikiwa bado juu ya kichwa chake.

“Nimeuliza miguu,” akasema.

“Haijambo, mzee,” akajibu Mama Mwiko, akilia.

Akamsalimia dereva. Akanisalimia mimi. Salamu zilipokwisha, akaramba kilichofika mdomoni, akafikiri, akatoa hukumu: “Mtamu. Haujafaa.”

Kanuni ikafuatwa. Hakuna kikombe kilichoondoka siku hiyo. Mtaa mzima ulikunywa mtindi mwepesi, na wenye maduka walipiga simu mpaka jua likazama.

Jioni Babu alitangaza utaratibu mpya. Yeye angetengewa sufuria dogo lisilotiwa kitu. Tangi la maduka lingerudishiwa kijiko chake kimoja, na jina la unga huo lingeandikwa kwenye vikombe kwa herufi zinazosomeka, jambo ambalo mimi ndiye niliyelidai. “Na kipimo?” Shangazi akauliza. Babu akasema kwamba anayetia saruji ndiye abebe kikombe.

Tangu hapo mkanda wa Babu umerudi tundu moja. Daktari aliniuliza ni kipi kilichomsaidia, nikamjibu kwamba sijui, maana Babu ameanza pia kumeza vidonge kwa wakati. Bado siku nyingine hushika ukuta.

Lakini kila asubuhi hukaa kwenye stuli yake, kofia kichwani, akinywa mtindi wake mwepesi, huku Shangazi akisimama mbele yetu na kikombe kilichopinduliwa juu ya nywele zake zilizosukwa. Salamu anazitoa Babu.

“Baba, fanya haraka, tafadhali.”

“Subiri kwanza,” anasema Babu. “Dereva, mama yako mzazi hajambo? Na jirani yake?”