Pengo la Huia

Haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu. Nikikutwa na uongo hata wa ukubwa wa kupe, kreti ya bia iwekwe mezani kwa jina langu. Ndiyo sheria ya ukumbi huu wa raga tangu paa lake lilipokuwa halivuji: mwongo hulipa, na hulipa papo hapo. Nimebadilisha jina moja tu, la mzee mwenyewe, maana ana familia. Tumwite Selwyn.

Selwyn alikuwa na miaka sabini na mmoja na magoti mawili yasiyosikilizana. Shamba lake chini ya mlima Taranaki, upande ule ambao mvua haiombwi, alikwisha kumwachia bintiye Ngaire, pamoja na ng'ombe mia mbili na themanini na mbwa mmoja kiziwi. Yeye alibakiziwa Jumapili. Siku hiyo Rodel, mkamuaji wao, Mfilipino aliyehamia pale na mkewe Marivic na watoto wawili, alipumzika, na mzee aliteremka kwenye lile shimo refu la saruji ambamo mkamuaji husimama viwele vikiwa usawa wa uso wake, ng'ombe ishirini kushoto, ishirini kulia. Jumapili zilimtosha. Mtu aliyekamua miaka hamsini humwambii apumzike, humpunguzia tu.

Ngaire alikuwa na sheria zake. Ng'ombe akitoa maziwa yenye mabonge, asitiwe dawa mpaka maziwa yapimwe maabara. Akianza dawa, amalize dozi yote. Na maziwa ya mgonjwa yamwagwe kwenye shimo la samadi, yote, hata tone lisibaki.

Hii ya mwisho ndiyo iliyomkaa Selwyn kooni. Amezaliwa kwa watu ambao kumwaga maziwa kwao kulikuwa kama kumtupa mtoto. Basi Jumapili, akikamua michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi na kuona vipunje vyeupe, hakumwambia mtu. Alichukua sirinji moja ya dawa ya kiwele, akasukuma nusu kwenye tundu la chuchu, akairudishia kifuniko, akaandika namba ya ng'ombe na tarehe, akaificha kwenye tini kuukuu ya majani ya chai nyuma ya pampu. Jumapili iliyofuata, kama vipunje vimekwisha, aliacha. Kama bado, alimalizia nusu ya pili. Na maziwa ya ng'ombe hao aliyaweka kwenye ndoo, akawapelekea ndama.

"Unawapa nini hawa, baba?" Ngaire alimuuliza siku moja. "Wana matumbo kama ngoma."

"Nawapa mapenzi," akajibu mzee.

Miongoni mwa ndama walionyweshwa mapenzi hayo alikuwamo Huia. Ngaire alimlea kwa mkono wake baada ya mama yake kufa, akampa jina la ndege aliyetoweka nchini humu, kwa sababu ya baka jeupe kwenye ncha ya mkia, kama la ndege huyo. Akakua, akazaa, akawa kipenzi. Kila alipoingia bandani alisimama mahali pale pale, nafasi ya nne kushoto. Ng'ombe ndivyo walivyo, kila mmoja na mahali pake, kama wazee kanisani.

Masika ya mwaka ule Huia aliingia bandani akichechemea. Robo ya nyuma ya kiwele ilikuwa ya moto, ngumu kama ubao. Ngaire akapeleka maziwa kupimwa, na wakati wa kusubiri majibu daktari wa mifugo, Bwana Paki, akaruhusu dawa ianze. Dozi kamili, kwa wakati. Haikushika. Wakabadilisha. Haikushika. Siku ya nne kiwele kilipoa ghafla, kikawa na rangi ya wingu la mvua, na Huia akalala asitake kuinuka.

Bwana Paki alikuja na kisahani cha maabara. Juu yake kulikuwa na vidonge sita vya karatasi vilivyoloweshwa dawa sita.

"Tazameni," akasema. "Dawa ikifanya kazi, kidonge huzungukwa na duara tupu, vijidudu hukaa mbali, kama mnavyomkimbia Barry kule ukumbi wa raga akitoka kukata kondoo manyoya. Hapa wamejenga mpaka mlangoni. Vidonge vitano kati ya sita, hawavijali."

"Wametoka wapi?" Ngaire akauliza.

"Hapa hapa. Wamefundishwa. Mtu amekuwa akiwatia dawa nusu nusu. Wanyonge wamekufa, wakorofi wamebaki na kuzaana. Na kama kuna ndama walionyweshwa maziwa ya dawa, shule ilianzia huko."

Selwyn alikuwa ameegemea lango. Akakazana kumkuna mbwa masikio, yale yale yasiyosikia.

Huia akadungwa sindano ya mwisho, ile ya kumaliza mateso, Jumanne asubuhi. Ngaire alimshikia kichwa.

Jioni ya siku hiyo Rodel aliingiza kundi la kwanza. Watatu wakapanda kushoto, wakajipanga. Wa nne akafika, akasimama, akanusa saruji, akazunguka nafasi ile na kwenda kusimama ya tano. Pengo likabaki. Rodel akamsukuma aliyefuata, akapigwa teke mkononi. Kundi la pili, hivyo hivyo. Makundi yote saba, ng'ombe ambao wengine hawakuwahi hata kusimama karibu na Huia, waliiacha nafasi ya nne wazi, na kila mmoja alipopita hapo aliinamisha kichwa kidogo, kama anayempisha mtu.

Kufikia Jumamosi ng'ombe kumi na mmoja walikuwa na ugonjwa ule ule. Ngaire akamwita Rodel uani.

"Jumapili ni baba tu, na yeye kanifundisha kazi. Siku sita ni wewe. Nani mwingine?"

"Bosi, nakuapia kwa wanangu. Sijamgusa ng'ombe kwa dawa bila kuandika ubaoni."

"Dawa zinapungua kabatini, Rodel."

"Naona zinapungua. Nilidhani ni wewe."

"Ijumaa ijayo nataka nyumba iwe wazi," akasema Ngaire, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye furaha. Nyumba ilikuwa ya shamba. Kibali cha Rodel cha kuishi nchini nacho kilining'inia kwenye kazi hiyo hiyo. Kimoja kikianguka, vyote vinaanguka, watoto wakiwa katikati ya muhula.

Jumapili, mkamuo wa alasiri, Selwyn alikuwa peke yake shimoni. Ukungu ulikuwa umeteremka mlimani mpaka kwenye mabati. Pengo likawa pale, la nne kushoto. Kwa hasira, au sijui kwa nini, akachukua vikombe vinne vya mashine akavining'iniza hewani, mahali ambapo kiwele kingekuwa.

Vilianguka, kama ilivyopasa, vikavuta hewa kwa mlio wa nyoka. Kisha mlio ukakatika. Kila mkamuaji anaijua sauti hiyo, sauti ya kikombe kilichoshika chuchu. Vikombe vikainuka vyenyewe, taratibu, vikasimama usawa wa uso wake. Kwenye bomba linaloonyesha ndani maziwa yakaanza kupita, ya maji maji, ya njano, na mabonge yakigonga kioo. Akanyoosha mkono kukata mashine. Mkono ukapita kwenye joto, joto la ubavu wa mnyama. Juu yake kitu kilikuwa kinacheua.

Akageuka. Ng'ombe thelathini na tisa walikuwa wamepinda shingo, wanamtazama yeye.

Selwyn akaichukua ile tini nyuma ya pampu, akakatiza malisho akikimbia na gambuti zake, magoti yakisahau ugomvi wao, mpaka jikoni kwa Ngaire. Akaitua mezani. "Ni mimi," akasema. "Rodel hana kosa." Binti akalia, akamkumbatia. Rodel akafungua masanduku. Na jioni hiyo hiyo ng'ombe mmoja akapanda, akasimama nafasi ya nne, akajisaidia haja kubwa, na pengo likafungwa milele.

Basi. Nikainua glasi yangu.

Hakuna mwingine ukumbini aliyeinua yake. Kutoka nyuma ya kaunta, akifuta glasi moja kwa muda mrefu sana, mtu akauliza:

"Huyo Selwyn, baba, anakaa wapi?"

"Ng'ambo ya mto, Ngaire."

"Ng'ambo ya mto kuna makaburi tu."

Wakacheka, lakini si wote. Kwenye meza ya pembeni Rodel aliweka chini glasi yake ya maji ya tangawizi.

"Mzee, ulikimbia na tini Jumapili?"

"Jumapili."

"Jumapili nilikuwa nafunga masanduku. Jumatatu nafunga. Jumatano nilikwenda kuwatoa watoto shule. Alhamisi Marivic alikwenda kuliosha banda, maana hapendi kuacha kazi ya watu chafu, akaikuta tini nyuma ya pampu. Akaifungua. Sirinji kumi na saba za nusu, kila moja na mwandiko wako. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Ulimwambia nini?"

Nikatazama sakafu.

"Mwambie, mzee," akasema Marivic, aliyeketi kando ya mumewe, kwa upole uliouma kuliko tusi.

"Nilimwambia majani hayo ya chai yamechacha, ayatupe. Yeye akaipeleka tini kwa Ngaire."

Barry alisukuma kiti chake nyuma, akaenda mwenyewe kuleta kreti, akaitua mbele yangu. Nikasema nailipa, na nikailipa.

"Mimi sinywi," akasema Rodel. "Langu ni jingine. Pengo hujalifunga, unajua hujalifunga. Na wale kumi na mmoja bado tunawakamua kando, ndoo sita kila mkamuo. Kuanzia kesho utazimwaga wewe."

Nikamtazama Ngaire. Akaendelea kufuta glasi ile ile.

Kesho yake alasiri nilisimama kwenye ukingo wa shimo la samadi. Maziwa yalikuwa bado yanafuka. Miaka hamsini na sijawahi kumwaga hata kikombe. Nikainamisha ndoo ya kwanza, weupe ukatambaa juu ya samadi, ukazama. Nikainamisha ya pili. Ndani ya banda nyuma yangu kundi lilikuwa linapanda kwa kelele za kwato, mmoja, wawili, watatu, kisha kwato zikanyamaza kidogo, kisha zikaendelea.

Kwenye nafasi ya nne kitu kikashusha pumzi ndefu.

Nikarudi kuchukua ndoo nyingine.